Ginsi ya Kupima Mazutu katika Motere ya Kamyoneti

Ninyi wakulima wa barabara ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi, mwajua kwamba mahindi na makala hayana bei kubwa kijijini. Bei iko mjini Lubumbashi, katika soko la Katuba na masoko mengine. Kati ya shamba na soko kuna kamyoneti. Kamyoneti ikifa, mahindi hulala ghalani na fukusi huyala. Kwa hiyo katika somo hili tutaacha jembe kidogo, tutazame motere ya mazutu.

Habari ni hii. Kamyoneti ikikosa nguvu mlimani, mwenyewe huipeleka kwa fundi wa njiani, humwambia: "Ongeza mazutu." Fundi huchukua turnevisi, hukaza visi moja nyuma ya pompi, na kweli siku ile gari lapanda vizuri. Lakini moshi mweusi watoka kama wa tanuru la makala. Mazutu yaisha upesi. Motere yapata moto kupita kiasi, na safari moja, gari likiwa na mzigo, pistoni yayeyuka. Hapo magunia ya mwaka mzima hayatoshi kununua motere nyingine. Basi sikieni vizuri kabla ya kuagiza visi ile ikazwe.

Kwanza mjue moto wa motere hii. Katika motere ya esanse, cheche ya umeme huwasha moto. Katika motere ya mazutu hakuna cheche. Pistoni hushindilia hewa mpaka iliyojaza vikombe 20 ikae katika kikombe 1. Hewa ikibanwa hivi huwa moto sana. Ndipo pompi husukuma mazutu, na enjekteri, yaani vile vidomo vya chuma, huyanyunyiza ndani kama ukungu. Mara yanawaka. Rudolf Diesel, mtu wa Ujerumani, alionyesha motere ya namna hii mwaka 1897, na ndiyo sababu yaitwa kwa jina lake.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo shina la somo. Katika motere isiyo na turbo, ukikanyaga pedali huongezi hewa. Waongeza mazutu tu. Hewa inayoingia kila mara ni kile kiasi ambacho motere yaweza kuvuta. Kilo 1 ya mazutu yahitaji hewa kilo 14 na nusu ili iungue yote, tena katika kazi yahitaji zaidi. Kwa litre 1 yatakiwa hewa ya kujaza chumba chenye urefu wa meta 3, upana wa meta 2 na kimo cha meta 2. Mkishangaa, mna haki. Mazutu yakipita hewa, yaliyozidi hayatoi nguvu. Hutoka kuwa masizi. Mama akijaza kuni jikoni mpaka pasiwe na nafasi ya hewa, je, chungu huchemka upesi? Nyumba hujaa moshi tu.

Na hapa kwetu hewa ni nyepesi. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, na nguvu ya hewa yapungua karibu sehemu 1 katika 8. Kamyoneti nyingi zilitumika kwanza katika nchi nyingine, zikafika kwetu kwa njia ya bandari za Dar es Salaam au Durban. Ikiwa pompi ilipimwa kwa hewa ya pwani, basi huku juu mazutu yake yaweza kuwa mengi tayari. Mtu akikaza visi tena, aongeza kuni juu ya kuni.

Utauliza: "Gari langu lilikuwa na nguvu mwaka jana, leo halina. Kwa nini?" Visi haikujigeuza yenyewe. Tafuta kitu kilichobadilika.

Anza na hewa. Wakati wa kipwa magari makubwa ya madini hupita mchana na usiku, na vumbi jekundu hufunika hata majani ya mihogo. Vumbi lile lote hulala katika chujio la hewa, ambalo mafundi huliita filtri. Litoe, ulitazame juani. Kama mwanga haupiti katika karatasi yake, motere yako yapumua kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Likung'ute polepole, au lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje. Usilioshe kwa esanse. Likiwa limepasuka, nunua lingine. Wala usiende bila chujio hata safari moja, kwani vumbi letu lasaga silinda kama mchanga kati ya mawe. Tazama pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda motere, usiwe na ufa. Mimi naona chujio hili laponya kamyoneti nyingi kuliko turnevisi yo yote.

Halafu pedali. Mtu mmoja akanyage mpaka chini, motere ikiwa imezimwa. Mwingine atazame mkono mdogo ulio juu ya pompi. Je, wafika mwisho wake? Mara nyingine waya umelegea, mkono hufika nusu tu, na mwenye gari analia kwamba pompi imekufa.

Kisha mazutu yenyewe. Yale ya bidoni, ya kando ya barabara, mara nyingi yana maji na uchafu. Yaache yatulie usiku mzima, uyamimine kwa kitambaa safi, na kilichobaki chini usikitie ndani. Chini ya chujio la mazutu kuna visi ndogo ya kutolea maji. Ifungue kidogo mpaka mazutu safi yatoke. Chujio likiziba, gari hukosa nguvu lakini halitoi moshi mweusi. Alama hiyo yafaa sana kuikumbuka.

Enjekteri mbovu haitoi ukungu, hudondosha matone. Fundi mwenye pompi ya mkono ya kupimia ataziona. Ninyi msizijaribu kwa vidole! Mazutu hutoka pale kwa nguvu ipitayo mara 100 nguvu ya hewa. Hupenya ngozi kama sindano. Tundu ni dogo, lakini mkono waweza kukatwa. Likimpata mtu, aende hospitali siku ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Kama hayo yote ni mazima, ndipo tuseme juu ya visi. Nasema habari za pompi ya kuzunguka, kama iliyo katika Land Cruiser ya motere 1HZ na Hilux za zamani za 2L na 3L. Kamyoneti za siku hizi zenye kompyuta hazina visi hii, na fundi anayeitafuta hazijui.

Visi iko nyuma ya pompi, upande wa mabomba ya chuma yaendayo kwenye enjekteri, na ina ekru ya kuifunga. Kazi yake ni kuweka mpaka: mazutu yasipite hapa hata pedali ikiwa chini kabisa. Afadhali pompi ipelekwe katika garaji lenye mashine ya kupimia, ambapo mazutu ya kila bomba huonekana katika vioo. Lakini najua garaji kama hilo liko mbali na bei yake si ndogo. Basi, fundi akifanya kwa mkono, simama karibu naye. Apake kwanza alama ya rangi juu ya visi na pompi. Ashike visi kwa turnevisi anapolegeza ekru. Kukaza, kama mshale wa saa uendavyo, ni kuongeza. Kulegeza ni kupunguza. Ageuze sehemu 1 katika 8 ya mzunguko, asipite hapo, kisha afunge ekru.

Mwendo wa motere iliyosimama utabadilika kidogo. Atautengeneza kwa visi yake nyingine, iliyo karibu na mkono wa pompi. Lakini ikiwa motere yapiga kelele na haitaki kushuka, zima mara moja, visi irudi nyuma.

Jaribuni mlimani, motere ikiwa moto, na magunia yale yale ya siku zote. Mtu akae nyuma atazame moshi. Kivuli chepesi cha kijivu si neno. Ukiwa mweusi wa kuficha barabara, legezeni. Moshi ule si wa kuchezewa mbele ya nyumba za Katuba zilizosongamana: mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu walihakikisha kwamba moshi wa mazutu huleta kansa ya mapafu.

Mwisho, hesabu. Kabla ya kugusa visi, jaza tanki mpaka shingoni, enda sokoni na kurudi, jaza tena, andika litre katika daftari. Fanya hivyo safari 3. Baada ya visi, safari 3 nyingine, kwa njia ile ile na mzigo ule ule. Kama litre zimeongezeka na mlima wapandwa kama zamani, rudisheni visi kwenye alama ya rangi.