JIWE JEUSI LA ANGANI, NA JINSI LINAVYOPIMWA

Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mushtari yamo mawe mengi yanayolizunguka jua kama sayari. Mawe hayo huitwa asteroidi. Katika upande wa ndani wa ukanda huo, ulio karibu nasi, limo jiwe jeusi liitwalo Donaldjohanson. Liligunduliwa mwaka 1981, na baadaye likapewa jina la Bwana Donald Johanson, Mmarekani, aliyeivumbua mifupa ya kale iitwayo Lucy huko Hadar, Ethiopia, mwaka 1974.

Jiwe halina nuru yake. Laonekana kwa nuru ya jua linayoirudisha. Hapo ndipo macho hudanganyika. Jioni, mtu aliyevaa kanzu nyeupe huonekana toka ng'ambo ya bonde, lakini aliyejifunika blanketi jeusi haonekani, ajapokuwa mkubwa kuliko mwenzake. Vivyo hivyo jiwe kubwa jeusi laweza kudhaniwa dogo. Na jambo hili si la mchezo, kwani mawe mengine hutoka katika upande huo yakafika karibu na dunia yetu.

Basi wataalamu hupima na joto pia. Kila aliyegusa mawe yaliyo juani ajua ya kuwa jeusi hupata moto zaidi, kwa kuwa nuru lisiyoirudisha hugeuka joto. Wakilinganisha nuru na joto, hukisia ukubwa. Jiwe letu lilikisiwa kuwa na upana wa maili 2 na nusu hivi. Tena nuru yake ilizidi na kupungua katika muda wa siku 10 na nusu. Ikajulikana kuwa ni refu, nalo hujigeuza polepole.

Tarehe 20 Aprili 2025 chombo cha Marekani, kilichopewa jina la mifupa ile ya Lucy, kilipita umbali wa maili 600 tu. Picha zake zilionyesha urefu wa maili 5, kupita makisio. Tena ni vipande viwili vilivyoshikana kwa shingo nyembamba, mfano wa ganda la karanga.

Walimu waweza kulifundisha jambo hili kwa mawe mawili yaliyo sawa, moja lipakwe chokaa, la pili masizi. Wanafunzi wayatazame toka mbali jioni, waseme lipi kubwa, kisha wayaendee na kamba ya kupimia.