SWALI LA MTOTO NA NJIA YA MTAALAMU

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna mwalimu wa sayansi apaswavyo kulipokea swali la mwanafunzi. Kielelezo chetu ni Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia kutoka Uingereza.

Kabla ya 1964 Osborne alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ghana. Huko alichunguza mkondo wa umeme upitao karibu na ikweta, kadiri ya kilomita 100 juu ya ardhi, mahali ambapo mionzi ya jua huifanya sehemu ya hewa kuwa plazima, yaani gesi yenye chembe za umeme zilizo huru. Kisha akaja kufundisha Dar es Salaam.

Alipozuru Shule ya Mkwawa, Iringa, mwanafunzi Erasto Mpemba alimwuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35, yakiwekwa pamoja katika jokofu. Mpemba alikuwa ameona jambo la namna hiyo mwaka 1963 katika shule ya Magamba, Lushoto, akitengeneza aiskrimu. Wenzake walimcheka. Osborne hakukubali wala hakukataa. Aliagiza jambo lijaribiwe maabarani. Mwaka 1969 wote wawili walichapisha matokeo katika jarida la Physics Education. Wataalamu wangali wakibishana juu ya matokeo hayo, lakini swali halikupotea.

Sasa tuchukue darasa la tano huko Masumbwe, mkoani Geita, wakati wa masika. Mtoto anauliza: je, radi hutumwa na mtu? Mwalimu akicheka, mtoto hatauliza tena. Akinyamaza, tuhuma itabaki, nayo huweza kuleta uadui baina ya majirani. Basi na afuate hatua hizi:

(a) Aliandike swali ubaoni kama lilivyoulizwa.
(b) Wanafunzi wataje mahali walipoona pamepigwa na radi: mti mrefu, kilima, uwanja ulio wazi.
(c) Mvua inaponyesha, wakiwa ndani ya darasa, wahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni umbali wa karibu kilomita 1.
(d) Ndipo aeleze kwamba radi ni umeme wa mawingu, unaopasha hewa joto kali hata ikawa plazima, na kwamba vitu virefu hupigwa zaidi.

Jibu la namna hii mtoto hulifikia mwenyewe, naye aweza kulitetea hata nyumbani mbele ya wazee wake.