Mafua ya Ndege: Kuku Anayeumwa Hachinjwi

Kuku wakianza kufa, wengi husema ni mdondo, kisha huwahi kisu ili nyama isipotee. Hapo ndipo penye hatari. Mdondo hauui watu. Mafua ya ndege huua, na kwa macho tu magonjwa haya hayatofautishiki. Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliugua kwa kirusi cha H5N1, 6 wakafariki. Januari 2017 aina nyingine, H5N8, iligunduliwa Uganda kwa ndege pori wa Ziwa Victoria na kwa kuku na bata wa kufugwa.

Yanavyoambukiza
Virusi hukaa kwenye kinyesi, mate na kamasi za ndege. Mtu huvipata hasa anapochinja, kunyonyoa na kutoa matumbo, kisha akajipangusa jicho au pua kwa mkono uleule. Bata huweza kuwa navyo na asionyeshe dalili.

Dalili kwa kuku
- Vifo vya ghafla, vingi kwa pamoja
- Kichwa kuvimba, upanga kuwa zambarau
- Kuharisha; mayai kupungua au kuwa na ganda laini

Ukiziona
- Usichinje, usiuze, usimgawie jirani.
- Usitupe mzoga jalalani wala mtoni.
- Watoto, mbwa na paka wasisogee.
- Mwarifu ofisa mifugo siku hiyohiyo, naye atakuelekeza namna ya kufukia mizoga.
- Ukilazimika kuushika mzoga, vaa glovu na ufunike pua na mdomo. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na ufue nguo ulizovaa.

Jikoni
Nyama na mayai ya kuku wazima ni salama yakiiva vizuri, kwani joto la nyuzi 70 za selsiasi huua virusi. Nyama isibaki na wekundu kwenye mfupa. Kiini cha yai kiwe kigumu. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Ukiugua
Homa, kikohozi, koo kuuma au macho mekundu ndani ya siku 10 tangu ushike ndege mgonjwa? Nenda kituo cha afya mara moja. Usisubiri kuulizwa: anza kwa kusema kuku wako wamekufa, la sivyo homa yako itadhaniwa malaria. Dawa zipo, nazo husaidia zaidi zikianzwa ndani ya siku 2 za kwanza.