Stadi za Maisha katika Tamthilia: Kwa Nini Ujuzi Haukumtosha Yona?

Katika *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, Yona ni mwalimu. Anajua lililo jema. Hata hivyo, masimango kwa kukosa mtoto wa kiume yanamsukuma kwenye ulevi, naye anapoteza kazi. Hapa tunajifunza kuwa nidhamu haitokani na kujua pekee. Lazima ujue ni nafsi ipi ndani yako ishike usukani, na wakati gani.

Mwanasaikolojia Carl Jung (1875–1961) alieleza kuwa kila mtu amebeba moyoni taswira za kale, kama vile shujaa na mzee mwenye hekima. Mwanafunzi wa Oltepesi anazijua tayari. Wamaasai wamezipa rika na sherehe: Enkipaata humwandaa mvulana kwa jando, Eunoto humvusha morani kuelekea utu uzima, na Olng'esherr humwingiza mwanamume katika uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Nafsi nne za kuita

(a) Mchungaji. Ng'ombe hawangoji apate hamu. Mwite kengele ya alfajiri inapolia.

(b) Morani. Hukabili linalotisha. Mwite unapokwepa ushairi. Tahadhari: asipoongozwa, hugeuka mgomvi.

(c) Mzee. Husikiliza, kisha huamua. Mwite wenzako wanapokushawishi utoroke maandalio ya jioni.

(d) Mama mjenzi. Mwanamke wa Kimaasai ndiye hujenga nyumba, fito kwa fito. Mwite kwa marudio ya kila siku.

Nafsi hizi hazichagui mvulana wala msichana.

Tuzihusishe na tamthilia

Yona alihitaji mzee wa ndani ayapime maneno ya watu. Badala yake aliwapa wasimangaji kiti hicho. Sara, aliyeishi katika nyumba iyo hiyo, alishika kazi ya mjenzi: alivumilia na kujitahidi wanawe wasome. Yona anapojuta, mzee wake anaamka, ingawa amechelewa.

Tanbihi kwa mtahiniwa: Katika Karatasi ya Tatu (102/3), usiandike "Yona hana mzee wa ndani" ukaishia hapo. Taja sifa, kisha toa ithibati kutoka tamthiliani.

Zoezi

1. Fafanua sifa nne za Yona. (alama 8)
2. Jadili jinsi shinikizo la jamii linavyoathiri familia ya Yona. (alama 12)
3. Wiki hii, ni nafsi ipi hukuiita ilipohitajika? Andika aya moja daftarini mwako.