PDF Zetu Zilikuwa Picha Tupu

"Mwalimu, mbona makala yangu haimo Google Scholar?" Mwandishi mmoja wa jarida letu alinipigia simu kuuliza hivyo, nami nikamjibu bila wasiwasi kwamba imo, atafute vizuri. Nilipoitafuta mwenyewe sikuiona. Nikafungua PDF, nikaburuta kipanya juu ya sentensi moja ili niinakili. Ukurasa mzima ukageuka buluu. Ilikuwa picha, nakala ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana.

Nikaanza kuzipitisha PDF za zamani kwenye programu ya kutambua maandishi. "Ng'ombe" alitoka vipande viwili, kwa hiyo vichwa na ikisiri nilisahihisha kwa mkono. Toleo zima lililokuwa faili moja nililikata: Google Scholar inataka kila makala iwe na faili yake, isiyozidi MB 5.

Kazi kubwa ilikuwa metadata, yaani taarifa zinazoieleza makala. Tunatumia OJS, programu ya kuendeshea majarida, na yenyewe huandika lebo ambazo Google Scholar huzisoma, kama citation_title na citation_author. Ila hutoa kile ulichokijaza. Sisi tulikuwa tumebandika waandishi watatu kwenye kisanduku kimoja, na "Dkt." mbele yao, mashine ikaona mtu mmoja mwenye jina la ajabu. Mpe kila mwandishi nafasi yake, vyeo viache, ongeza ORCID, nambari inayomtambulisha. Na lugha ya makala iandike Kiswahili, hata kama fomu imekuwekea Kiingereza tayari.

Kwa matoleo mapya tunaandaa pia XML ya JATS, muundo wa kuandikia makala za majarida ambao ni kiwango cha NISO, shirika la viwango la Marekani, tangu 2012. Inachosha, sikufichi. Lakini XML ni unga, PDF ni chapati: kutoka kwenye unga utapika PDF leo na kingine kesho, ila chapati hairudi kuwa unga. Tena XML ni maandishi matupu, hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia.

Uhifadhi? Kwangu ulikuwa diski ya nje ndani ya droo. Sasa tumejiunga na PKP PN, huduma ya uhifadhi ya bure kwa majarida ya OJS yenye ISSN. Inatumia LOCKSS, mfumo uliobuniwa Stanford: nakala hukaa sehemu kadhaa, zikilinganishwa, na iliyoharibika hurekebishwa kwa nzima.

Yule mwandishi amepiga tena juzi. Jina lake la ukoo limekosewa herufi. Fomu alijaza mwenyewe.