Kamukunji: Uwanja Uliogeuka Kuwa Neno

Katika ukurasa huu wa "Neno na Asili Yake" sikutaka kuwaletea neno gumu la kamusini ambalo hakuna mtu atalitumia tena baada ya mtihani. Nimechagua neno ambalo sisi sote tunalo mdomoni kila juma: kamukunji.

Bwenini mtu akisema, "Leo baada ya prepu kuna kamukunji," hakuna anayeuliza maana. Twajua ni mkutano wa ghafla, usio na kiti cha mgeni rasmi, ambapo kila mtu mwenye neno husimama akalisema. Vyuo vikuu hulitumia hivyo hivyo. Hata Bunge letu tukufu limelichukua: wabunge wanapotaka kushauriana nje ya kikao rasmi, Spika huwaitishia kamukunji. Lakini ukiwauliza wengi wetu neno hili lilitoka wapi, utajibiwa, "Ah, si ni Sheng tu!" Si Sheng. Ni jina la uwanja, tena uwanja wa huku kwetu Eastlands.

1. Neno lenyewe

Tuanze na sarufi. Kamukunji ni nomino ya pekee, yaani jina la mahali, iliyogeuka kuwa nomino ya kawaida. Tukimaanisha uwanja, tunaandika kwa herufi kubwa: Kamukunji. Tukimaanisha mkutano, herufi ndogo yatosha: kamukunji.

Ngeli yake je? Wengine hudanganywa na ile "ka" ya mwanzo wakadhani ni ya udogo. Lakini wapi! Hatusemi "kamukunji kameitishwa", na wingi wake si "tumukunji". Tunasema "kamukunji imeitishwa" na "kamukunji zimeitishwa". Kwa hivyo liko katika ngeli ya I-ZI pamoja na barua na nyumba.

Si majina yote ya mahali hupata bahati hii. Nairobi ina viwanja vingi na hatusikii mtu akisema "tuitishe city stadium". Kwa nini Kamukunji? Hapo ndipo sarufi inapotukabidhi kwa historia.

2. Uwanja wa wasio na nauli

Uwanja wa Kamukunji uko karibu na Shauri Moyo, Gikomba, Pumwani na Muthurwa. Ukitoka katikati ya jiji unafika kwa miguu, na ukitoka Industrial Area vilevile. Mabanda ya jua kali ya Kamukunji yanajulikana nchini kote. Sanduku la bati ulilokuja nalo kidato cha kwanza, pengine liligongwa pale, na jiko la nyumbani kwenu pia.

Mitaa hii haikuota tu kama uyoga. Wakati wa ukoloni Nairobi iligawanywa kwa rangi ya watu. Wazungu walikaa upande wa magharibi kwenye miinuko yenye miti, nao Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na reli na viwanda vilivyohitaji mikono yao. Pumwani ndio wa zamani zaidi. Shauri Moyo ukafuata, halafu katika miaka ya 1940 ikaja mitaa kama Kaloleni. Mwenye nyumba alikuwa baraza la mji au shirika la reli. Basi mtu alikuwa na mwajiri mmoja, mwenye nyumba mmoja, na mshahara ambao uliisha kabla ya mwezi.

Watu kama hao wakitaka kusema neno kwa pamoja wataenda wapi? Hawana ukumbi wa kukodi wala nauli ya kwenda mbali. Wataenda palipo wazi na panapofikika kwa miguu. Nionavyo mimi, hii ndiyo sababu ya kwanza ya Kamukunji kuwa neno.

3. Shilingi 100 na uhuru

Tusidhani kwamba kuchanganya siasa na bei ya chakula ni mambo ya juzi. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji, kukawa na sherehe kubwa. Vyama vya wafanyakazi, vikiongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, viliwaambia watu wasishiriki. Jiji ni la nani, waliuliza, ikiwa anayelijenga hawezi kulipa kodi ya chumba?

Tarehe 23 Aprili mwaka huo huo, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na mgomo ukaendelea kwa zaidi ya juma moja.

Tazameni madai ya wagomaji. Walitaka viongozi wao waachiliwe. Walitaka mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Walitaka polisi waache kuvamia nyumba za wafanyakazi usiku. Tena walitaka uhuru wa nchi. Yote hayo yalikuwa katika orodha moja! Kwao sufuria na bendera zilikuwa habari moja. Makhan Singh alilipa kwa miaka 11 ya kuzuiliwa, akatoka mwaka wa 1961.

4. Saba Saba

Sasa turudi uwanjani. Mwaka wa 1983 serikali ilivunja Baraza la Jiji na kuweka tume ya watu walioteuliwa. Mpaka uchaguzi wa mwaka wa 1992, wakazi wa Nairobi hawakuwa na diwani wa kumwendea taka zikijaa au maji yakikatika. Kanjo walikuwapo, diwani hakuwapo. (Neno kanjo, kama mjuavyo, limetokana na "kaunsili". Baraza lenyewe liliondoka mwaka wa 2013 kaunti zilipoanza, lakini askari wa jiji wangali wanaitwa kanjo.) Mwezi wa Mei 1990 tume hiyo ilibomoa kijiji cha Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, na watu wakapambana na askari.

Mwezi huo huo marehemu Kenneth Matiba na marehemu Charles Rubia, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, walitokea hadharani wakadai vyama vingi. Wakaita mkutano Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai 1990. Siku ya saba ya mwezi wa saba: Saba Saba. Ndugu zetu Watanzania walikuwa na Saba Saba yao tangu zamani, ya kukumbuka kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwao jina hilo lilikuwa la sikukuu. Kwetu likawa la machozi.

Leseni ya mkutano ilikataliwa. Siku chache kabla, Matiba na Rubia wakatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Watu wakaja hata hivyo, na polisi wakawatawanya. Ghasia zikaenea Eastlands na katika miji mingine kwa siku kadhaa. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu wapatao 20 walikufa. Matiba aliachiliwa mwaka wa 1991 akiwa amepata kiharusi.

Kisha Desemba 1991 katiba ikabadilishwa ili kuruhusu vyama vingi. Tarehe 18 Januari 1992 chama cha FORD kikafanya mkutano wake Kamukunji, safari hii kwa ruhusa. Watu walifurika, wakasikiliza, wakaimba, wakarudi nyumbani.

Wanafunzi wenzangu, hebu linganisheni. Uwanja ni ule ule na watu ni wale wale. Kati ya mikutano hiyo miwili hapajapita miaka miwili. Mmoja ulizuiwa ukazaa maiti, mwingine ukaruhusiwa ukazaa hotuba. Ni nani basi aliyeleta fujo mwaka wa 1990?

5. Sheria yasemaje?

Somo hili halitakamilika bila sheria, maana wengi wetu tunadhani ati lazima polisi watoe kibali. Ilikuwa hivyo zamani. Mwaka wa 1997, baada ya damu kumwagika tena katika Saba Saba ya mwaka huo, Sheria ya Utaratibu wa Umma ilirekebishwa. Tangu hapo anayetaka kuita mkutano wa hadhara haombi leseni, anatoa taarifa. Mambo ya kukumbuka ni haya:

(a) Taarifa hupelekwa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano.
(b) Huonyesha jina na anwani ya mwenye mkutano, tarehe, na mahali au njia itakayopitwa.
(c) Saa ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.
(d) Mikutano ya masomo haimo. Kwa hivyo chama chetu cha Kiswahili kisiwe na wasiwasi!

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wakuu, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 43 nacho kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Someni vifungu hivyo viwili pamoja mtaona orodha ya wagomaji wa 1950 imeingia katika katiba.

6. Pakiti ya unga

Huku mitaani kipimo cha siasa ni pakiti ya unga ya kilo mbili. Mwaka wa 2017 bei yake ilipopita shilingi 150, serikali iliingiza mkono pakiti ikauzwa shilingi 90. Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, bei ilikuwa imepita shilingi 200, ikatangazwa kushushwa hadi 100. Wengi waliisikia bei hiyo redioni bila kuiona dukani. Septemba mwaka huo serikali mpya ikaondoa ruzuku ile.

Mtu wa mshahara wa mwezi akisikia bei imepanda, huguna. Lakini mtu wa kadogo, anayenunua mafuta ya kupima na unga wa jioni ya leo tu, ndiye anayeumia siku hiyo hiyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Machi 2023 upinzani, ukiongozwa na marehemu Raila Odinga, uliitisha maandamano ya gharama ya maisha, na wengine wakatoka na sufuria tupu.

Juni 2024 ulikuja Mswada wa Fedha. Miongoni mwa mapendekezo yake ulikuwa na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Vijana walitoka bila chama wala kiongozi. Kodi ya mkate ikaondolewa tarehe 18 Juni, lakini mambo mengine yakabaki, na tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia Bungeni. Risasi zikalia. Kesho yake Rais akakataa kutia sahihi mswada wote. Katika majuma yaliyofuata hesabu ya vifo iliyofanywa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipita 50. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 2025, barabara za kuingia mjini zilifungwa, na siku hiyo moja watu zaidi ya 30 walikufa. Miaka 35 baada ya Saba Saba ya kwanza!

7. Funzo

Ni kweli, si kila anayetoka siku ya maandamano hutoka na malalamiko. Wako wanaotoka na gunia tupu ili warudi nalo likiwa limejaa. Mama mboga ambaye kibanda chake kimevunjwa hapati faida ya mageuzi yoyote juma hilo, na mtoto wake hulala njaa sawasawa na wa mwenzake. Utaratibu wa umma ni haki ya maskini pia, tena yeye ndiye anayeuhitaji zaidi, maana hana ukuta wala mlinzi. Katiba haikusahau. Ndiyo sababu ikasema "kwa amani na bila silaha", na neno hilo linawafunga pia waliobeba silaha za serikali.

Lakini utaratibu haupatikani kwa kufunga uwanja. Mwaka wa 1992 ulituonyesha kwamba watu wakipewa pa kusemea, husema wakaenda zao. Wakifungiwa uwanja, mazungumzo huhamia barabarani, na barabarani hapana mwenyekiti. Waheshimiwa Bungeni walilichukua neno letu wakalipenda. Nasi tuwaombe walichukue pamoja na maana yake: kila mtu aliyefika apewe nafasi ya kusema, na asikilizwe.

Zoezi

1. Tunga sentensi mbili: moja yenye Kamukunji kama jina la mahali, nyingine yenye kamukunji kama mkutano. Zingatia upatanisho wa kisarufi.
2. Taja maneno mengine mawili ya mitaani yaliyozaliwa na siasa au na ugumu wa maisha, na ueleze asili yake.
3. Kuna tofauti gani kati ya kuomba leseni na kutoa taarifa? Eleza kwa mfano.
4. "Mwenye njaa hana miiko." Jadili methali hii ukirejelea mgomo wa mwaka wa 1950 na matukio ya Juni 2024.
5. Muulize mzazi au jirani aliyeishi Eastlands mwaka wa 1990 alikuwa wapi siku ya Saba Saba. Andika masimulizi yake katika ukurasa mmoja, kisha uyalete katika kamukunji yetu ijayo.