Mafunjo: Tuyafahamu Kabla ya Kuyafyeka

Familia nyingi za kandokando ya Ziwa Viktoria huona mafunjo kila siku. Wengine husema, "Tuyafyeke yote, yanaleta malaria." Je, ni kweli? Kwanza tuufahamu mmea wenyewe.

1. Jinsi ya kuyatambua
Kata bua moja ulitazame. Bua la matete ni la mviringo, lina pingili na uwazi ndani. Bua la mafunjo lina pembe tatu, halina pingili, na ndani limejaa kiini cheupe, laini kama sifongo. Huweza kufika mita 4 au zaidi. Majani yake ni magamba tu chini ya bua. Bua la kijani na shungi lake la nyuzi nyingi ndivyo vinavyofanya kazi ya majani.

2. Yanavyoishi
Shina lake hulala katika tope na kuchipua mabua mapya. Kile kiini hupitisha hewa hadi mizizini, ndiyo maana mmea huu huishi majini, hata kuelea. Mizizi iliyosongamana huzuia udongo na kufyonza mbolea itokayo mashambani, maji yakaingia ziwani yakiwa na uchafu kidogo. Lakini bado tuyachemshe kabla ya kunywa.

3. Malaria na kichocho
Mbu mkubwa wa malaria kwetu, Anofelesi gambie, hupenda kutaga katika vidimbwi vyenye jua. Mafunjo mazito huleta kivuli. Tukiyafyeka na kulima, tunaacha mitaro na nyayo zenye maji juani, na mbu huyo huongezeka. Wapo mbu wengine wapendao majani, hivyo chandarua ni lazima kila usiku.

Hatari nyingine ni kichocho cha tumbo. Konokono wanaokibeba hukaa katikati ya mabua, na vijidudu hupenya ngozi yako ukiwa majini. Nimewauguza wakata mafunjo waliosema, "Maji haya yametulea." Kichocho hakijali mwenyeji.

Basi tufanye hivi:
- Tukate mabua yaliyokomaa tu. Tusichome wala kung'oa shina, nayo yatachipua tena.
- Mkataji avae mabuti marefu. Watoto wasicheze humo.
- Tutumie choo, tusijisaidie ziwani.
- Mwenye kuhara damu awahi kituo cha afya. Dawa ipo.

Swali la familia: Bonde letu likifyekwa lote, nani atachuja maji yetu?